Godoro la Uani

Siku 11 mfululizo godoro la kitindamimba wetu lilitolewa nje kabla ya chai. Baba watoto analishika upande mmoja, mimi mwingine, tunapishana na ndoo na majiko mpaka uani, tunaliegemeza ukutani lipigwe jua. Tumepanga Ngamiani, Tanga, familia nne ua mmoja, kwa hiyo kila aliyepita kwenda chooni aliliona lile duara la manjano, na kila aliyeliona alikuwa na la kusema.

Mtoto ana miaka 4 na ushei. Kukojoa kitandani aliacha kabla hajatimiza miaka 3, na tangu hapo hakulowesha hata shuka. Hilo ndilo nililopaswa kulishika siku ya kwanza: alikuwa amekwisha kuacha, akarudia. Badala yake tukafungua kesi.

Shahidi wa kwanza alikuwa dada yake wa miaka 10, aliyekuwa akilala naye. Alisema amechoka kuamka amelowa, hatalala naye tena, na kwamba mdogo wake anakunywa maji usiku kucha. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kutibiwa macho, akasema ni deko la kitindamimba, akatoa hukumu: asipewe maji baada ya Magharibi. Hakuna aliyepinga. Ni ushauri unaotolewa katika nyumba nyingi, na kwa mtoto mzima huenda usilete neno. Kwa mtoto wetu ulikuwa wa hatari, na mtekelezaji nilikuwa mimi. Jagi nililipandisha juu ya kabati. Mtungi niliufunika sinia, na juu ya sinia nikaweka kinu.

Usiku wa tatu wa marufuku hiyo, yapata saa tisa, nilisikia kopo likigonga ndoo. Nilidhani paka. Nilitoka na tochi ya simu nikamkuta mwanangu amechutama bafuni, kopo la kuogea mikononi, anakunywa maji yaliyobaki ndooni na povu la sabuni likielea juu. Alikuwa anakunywa bila kupumua. Nilimnyang'anya kopo, nikamfinya sikio. Hakulia. Alisema tu, "Mama, kiu yangu haiishi."

Ninaandika kisa hiki kwa sababu ya kauli hiyo. Mtoto alieleza ugonjwa wake kwa maneno matatu, na mama yake akamrudisha kitandani.

Mengine yalikuwa mbele ya macho yetu, kila moja tukalipatia maelezo yake. Kaptura ya chekechea ilianza kuteleza, nikaitia lastiki mpya. Mama mkwe akasema mtoto anarefuka. Saa nne asubuhi, wenzake wakikimbizana na tairi, yeye amelala kibarazani. Tukasema ni joto. Chakula alikuwa anakula, tena anaongeza, na hilo ndilo lililotutuliza, maana mgonjwa gani anamaliza sahani? Sikujua kwamba mtu anaweza kula akakonda, kwa kuwa chakula kimeishia kwenye damu na hakiingii mwilini kikafanya kazi.

Siku ya saba nilimpeleka zahanati. Wakampima malaria kwa kipimo cha haraka: hakuna. Wakatupa dawa ya minyoo, na dawa ya maji kwa sababu huenda ni UTI. Simlaumu aliyetuhudumia. Huku kwetu mtoto akilegea, kuanza na malaria ni sahihi. Kosa ni kuishia hapo. Kidole kilikuwa kimekwisha kutobolewa, damu iko juu ya ngozi. Tone la pili, kwenye mashine ya sukari, lingetuambia ukweli siku nne kabla.

Waliotuambia ukweli ni sisimizi.

Asubuhi ya siku ya 11 niliwakuta wametoka kwenye ufa wa ukuta, wameshika mstari mmoja mpaka kwenye poti la mtoto, wamejaa ukingoni kama pamemwagika asali. Niliwamwagia maji ya moto. Mchana wakarudi. Nilikuwa nawapiga mafuta ya taa wakati bibi wa chumba cha mwisho alipopiga hodi, amekuja kuazima mbuzi akune nazi. Bibi huyu ana ugonjwa wa sukari wa ukubwani, mwaka wa 9 sasa, na mashine yake ya kupimia huiweka kwenye mkoba wa kitenge pamoja na tasbihi.

"Hawa wanafuata nini hapa?"

"Mkojo wa mtoto, Bibi. Sijui wametokea wapi."

Hakunijibu. Aliivuta mbuzi ileile aliyokuja kuiazima, akaikalia, akainama kutazama.

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa mno. Usiku tumemkataza."

"Mmemkataza!" Aliinuka kwa nguvu nisizozijua kwake. "Mlete huyo mtoto, mwanangu. Mnawishe mikono kwa sabuni kwanza."

Niliona anapoteza muda na sabuni. Kumbe mtoto alikuwa ametoka kula embe dodo, na maji ya embe yakibaki kwenye kidole huchanganyika na damu, mashine ikasoma sukari ya embe. Tulimnawisha, tukamkausha vizuri. Bibi akatia sindano mpya, akamchoma ubavuni mwa ncha ya kidole, pale pasipouma sana, akagusisha tone kwenye kipande cha kipimo. Zikapita sekunde chache. Badala ya namba, zikatokea herufi mbili: HI.

Baba watoto akasema betri imekufa. Bibi hakubishana naye. Alibadilisha sindano na kipande cha kipimo, akajichoma mwenyewe: 9.2. Mashine nzima. Akambadilishia mtoto kidole kingine, na sindano nyingine: HI. Ndipo akatueleza kwamba mashine yake, kama zilivyo nyingi za nyumbani, hukomea 33.3 mmol/L. Ikipita hapo haina namba ya kutoa, inaandika herufi hizo kusema sukari iko juu kuliko inavyoweza kuhesabu. Mtu asiyezijua angeitupa mashine, akamrudisha mtoto kulala.

Mama mkwe akauliza, kwa nia njema kabisa, "Si sukari hupimwa asubuhi, mtu hajala kitu? Tungoje alfajiri."

"Hiyo ni yetu sisi watu wazima, dada," bibi akamjibu. "Mtoto mwenye dalili hizi hangojewi alfajiri. Mvisheni viatu."

Ndani ya bajaji alitapika mara mbili. Alilalamika tumbo. Akajilaza mapajani mwangu, na hapo nikausikia upumuaji wake: wa ndani, mrefu, wa haraka, kama wa mtu aliyekimbia, na yeye amelala. Pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva zikapitiliza. Kama tusingekuwa na ile mashine, ningeapa kwamba ni nimonia, au ni tumbo la kuhara linaanza, na huenda ningeanza na maji ya chumvi na sukari nyumbani.

Hospitali ya usiku ule sitaisahau. Walimpima damu, wakapima mkojo, wakamtundikia dripu, wakaanza insulini kidogo kidogo, na kila saa wanarudi kumtoboa kidole. Niliuliza kwa nini dripu inakwenda polepole na mtoto amekauka hivi. Daktari akanieleza kwamba mtoto wa hali hii akijazwa maji kwa pupa, kuna hofu ya ubongo kuvimba. Mpaka leo nikisikia mtu anadai dripu ifunguliwe yote mgonjwa apate nafuu upesi, ninamzuia.

Kulipokucha daktari alitukalisha chini, mimi, baba watoto na mama mkwe. Kongosho, alisema, ndiyo inayotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu iingie mwilini. Kinga ya mwili wa mtoto wetu imeigeukia kongosho yake yenyewe na kuziua chembe zinazotengeneza insulini. Sukari ikikosa mlango inajaa kwenye damu, ikizidi inamwagika kwenye mkojo, na haitoki peke yake, inavuta maji. Mtoto anakauka, ndiyo sababu anakunywa. Na mwili uliokosa sukari ya kutumia unayeyusha mafuta yake wenyewe. Humo ndimo zinamotoka ketoni, asidi inayochafua damu na kuleta ile harufu, kutapika na kuhema.

Nilirudia maneno yake kichwani mpaka nikayaelewa kinyumenyume. Sisi tulisema anakojoa kwa sababu anakunywa. Kumbe alikuwa anakunywa kwa sababu anakojoa. Yale maji niliyoyafungia chini ya kinu ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia.

Mama mkwe akauliza kama ni biskuti na visheti. Nami nilikuwa na swali hilohilo, nimelibana kooni usiku mzima. Daktari akasema si biskuti, si visheti, si kosa la mlezi yeyote. Hii ni aina ya kwanza ya kisukari, haiji kwa kula vitamu wala kwa unene, na inaweza kumpata hata mtoto wa mwaka mmoja. Haina kidonge. Dawa yake ni insulini ya sindano, kila siku, maisha yote. Akaongeza jambo ambalo nimelishika: mtoto mwenye dalili hizi, sukari ikifika 11.1 au zaidi saa yoyote ya siku, ameshakula au hajala, ni mgonjwa wa kisukari na anatakiwa hospitali siku hiyo.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyenipa hesabu rahisi, akiikunja kwenye vidole vyake. K nne: kukojoa, kiu, kukonda, kuchoka. Nilizihesabu naye. Zote nne zilikuwa zinalala nyumbani kwetu kwa zaidi ya wiki moja. Na kwa mtoto mchanga ambaye bado anavaa nepi, akaniambia, mama atazame nepi inayolowa na kuwa nzito kupita kawaida, na fangasi za makalioni zisizosikia dawa.

Baadaye nilisoma habari za Parma, kule Italia. Mwaka 1991 madaktari walibandika mabango shuleni na kwa madaktari wa watoto, na walichokitanguliza ni godoro: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, akarudia. Kabla ya mabango hayo, watoto 78 katika kila 100 waliogunduliwa na kisukari walifika hospitali damu imekwisha kuchafuka kwa asidi. Katika miaka iliyofuata wakashuka mpaka 12.5 kwa 100. Bango lilichangia, pamoja na walimu na wazazi waliolisoma. Nilipomaliza kusoma nililia, kwa sababu ukuta wa chekechea ya mwanangu una picha za matunda, wanyama na namna ya kunawa mikono, na nafasi ya karatasi moja zaidi ipo.

Nililia pia kwa shukrani. Mpaka Januari 1922, mvulana aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana tumaini. Wangu alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Nyumbani kazi ndiyo kwanza ilianza. Chupa za akiba tunaziweka kwenye friji ya bibi, mbali na barafu, maana insulini iliyoganda imekufa. Umeme wetu ni wa kuja na kuondoka, hivyo inayotumika inakaa ndani ya chungu kidogo kilichozamishwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kilicholowa. Tunamchoma mapajani na tumboni kwa zamu ili ngozi isifanye vinundu. Wiki ya tatu dada yake alituita kwa kelele: mdogo wake anatetemeka, jasho linamtoka, amenuna bila sababu. Tulipopima, sukari ilikuwa 3.1. Ikishuka chini ya 4 hakuna kusubiri, ni sukari iliyokorogwa kwenye maji au juisi, papo hapo, kisha unapima tena. Yule shahidi aliyekataa kulala naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, na usiku huo alirudi kitandani kwake bila kuambiwa na mtu.

Godoro ni kavu. Jagi limeshuka kutoka juu ya kabati, liko kando ya kitanda, limejaa, na mama mkwe akija kutoka Pangani ndiye analijaza kabla ya kulala.

Wewe unayesoma, ukiwa na mtoto aliyerudia kukojoa kitandani, usimfungie maji. Mpeleke apimwe. Ukiambiwa hana malaria, usinyanyuke kwenye kiti: omba apimwe sukari hapohapo, kidole hichohicho, ameshakula au hajala. Wakikosa mashine, tafuta kwingine kabla jua halijazama.