Namna ya Kumweleza Nyanya Umbali wa New York

Usiku wa kuaga, nyanya atauliza swali moja: "Huko uendako ni mbali kiasi gani, mjukuu wangu?" Usikurupuke kumjibu "saa kumi na tano." Saa yake ya ukutani inaishia kumi na mbili.

Anza na njia aijuayo. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na basi la usiku humfikisha alfajiri, miguu imevimba. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Basi lile lingelazimika kurudia safari yake mara ishirini na nne na nusu, siku nane hivi usiku na mchana, bila kushuka Mtito Andei kujinyoosha. Mwache atie "Yallah!" yake, kisha umwambie kwamba ndege hufanya kazi yote hiyo kwa usiku mmoja. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, iliruka usiku na kutua asubuhi. Ila ni usiku mrefu kuliko wowote aliowahi kulala: ndege inakwenda magharibi, inakimbia na giza, na jua linaifukuzia kwa nyuma.

Sasa mwombe chungwa na uzi wa kushonea. Ramani ya ukutani itakudanganya kuwa njia inapita juu ya Afrika Magharibi. Bandika kidole Nairobi, vuta uzi ukaze hadi New York, naye ataona mwenyewe unavyopanda kaskazini, ukakata Sahara, ndipo ukaingia Atlantiki. Ukimaliza, menya chungwa, mle.

Kurudi ni rahisi kueleza, kwa sababu nyanya wa pwani anajua kaskazi na kusi kuliko rubani yeyote. Juu sana kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma, na safari inapungua kwa karibu saa nzima. Atafurahi kusikia kwamba ni kuja nyumbani ndiko kwepesi.

Suala la saa lipe muda. Kwetu jua huchwa saa kumi na mbili na ushee, mwaka mzima, na ndiyo maana tunahesabu saa tunavyohesabu. New York, Desemba, linazama saa kumi na nusu. Juni, hadi karibu saa mbili na nusu usiku bado lipo. Usijaribu kuyamaliza yote kwa kikao kimoja. Mtafutie saa moja tu ya kushika: akishaswali Isha, saa mbili usiku, kwako ni saa sita mchana, au saa saba miezi ya joto. Iandike kwa herufi kubwa, ibandike kando ya saa ya ukutani.

Kisha atanyamaza, atakusanya maganda ya chungwa kiganjani, na atauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: "Nikifa asubuhi, utaniwahi?"

Hapa usitafute hesabu. Kwetu maiti halali ndani akingoja ndege. Mwambie, "Sitakuwahi, nyanya." Mshike mkono. Halafu mwonyeshe kile kikaratasi ukutani, msome pamoja: saa mbili usiku, kila siku.