Adeer, Ukija Kentucky Utaonyeshwa Shimo

Adeer, ami yangu, pamoja na wote mnaosikiliza hapo kwenye kibanda cha chai,

Katika ile sauti yako ndefu ya WhatsApp uliuliza: tukipata viza tukafika huko Bowling Green, utatutembeza wapi? Jibu nimelipata Jumamosi. Nimelipa kiingilio, kwa dola, kwenda kutazama shimo. Na shimo lenyewe halipo. Lilishafukiwa.

Ngojeni kucheka. Mji huu ndio unaounda magari ya Corvette, tangu mwaka 1981, na una jumba zima la makumbusho yake. Ni gari la watu wawili. Wa tatu, hata awe mtoto mchanga, hana pa kukaa. Fikirieni Probox inayotoka Hadado kwenda Wajir, abiria, mbuzi na magunia, kisha mnieleze gari la watu wawili linamsaidia nani. Basi alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014, kabla wafanyakazi hawajafika, sakafu ya jumba hilo ilifunguka ikameza Corvette 8. Kamera zilinasa tukio lote: gari limetulia kwa adabu zake, mara halipo.

Kwetu shimo likimeza ngamia, tunalizungushia miiba na mwenye mali anachangiwa. Hawa waliyatoa magari kwa kreni. Matatu wakayatengeneza yakawa mapya. Matano wakayaacha yalivyopondeka, wakayapanga yatazamwe, na wageni wakamiminika kuliko zamani. Walifikiria hata kuliacha shimo wazi, gharama ikawashinda, ndiyo maana siku hizi unaonyeshwa mstari sakafuni: lilianzia hapa, likaishia pale. Udongo wake waliutia katika vichupa wakauuza. Mimi, niliyelelewa na upepo wa Hadado, niliyekuwa nikikung'uta udongo masikioni kila jioni bila malipo, nimesimama pale nikiinamia mstari, tena kwa heshima.

Chanzo cha shimo unakijua vizuri kuliko wao, Adeer. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale ya Wajir. Mvua inapenya, inalila jiwe polepole kwa maelfu ya miaka, chini kunabaki uwazi, na siku moja dari linachoka. Tofauti ni kwamba Wajir sisi ndio tunaolichimba jiwe kuyafuata maji, na pale kwenye visima vya Orahey ukivuta ndoo ikatoka na maji yasiyo na chumvi kali unasema alhamdulillahi. Huku maji ndiyo yanayochimba, wala hakuna aliyeyaomba. Kuna mto mzima unaoingia pangoni na kupita chini ya mji. Pango linaitwa Lost River Cave, na wageni wanapakiwa kwenye boti kuufuata.

Pale mlangoni dari liko chini, inabidi kila mtu ajikunje. Nikiwa nimejikunja hivyo nikaikumbuka ile Yacht Club ya wakoloni pale Wajir mjini, klabu ya mashua mahali ambapo hata dimbwi ni habari. Tumewacheka wale Waingereza tangu enzi za babu. Leo mjukuu wa wachunga ngamia yuko ndani ya mashua, chini ya ardhi, na amelipa mwenyewe. Wenzangu walikuwa wakipiga picha za miamba. Mimi nilikuwa nikihesabu madumu. Nilifika mahali nikaanza kuwagawia majirani kiakili, nyumba baada ya nyumba, nikaacha kumsikiliza mtembezaji.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mashine. Nje ya mji kuna shamba la familia, Chaney's, la ng'ombe wa Jersey, na tangu 2016 ng'ombe hao wanakamuliwa na roboti. Mgeni anakaa nyuma ya kioo, aisikrimu mkononi, anatazama. Ng'ombe anakuja mwenyewe, saa anayotaka, hata usiku wa manane, bila fimbo wala mluzi. Mashine inasoma kifaa alichovaa, inamtambua, inamwekea chakula. Brashi zinaosha chuchu. Mkono wa chuma unajipenyeza chini ya tumbo, unapiga leiza kutafuta chuchu, na vikombe vinapanda kimoja kimoja. Akimaliza, lango linafunguka, anaondoka bila hata kugeuka.

Kuna sheria moja. Ng'ombe aliyekamuliwa muda mfupi uliopita akirudi kwa tamaa ya chakula, mashine inakagua kumbukumbu zake, inaona wakati wake bado, inamfungulia lango atoke bila kuonja punje. Hakuna kelele, hakuna kujadiliana. Bibi yangu Ayeeyo mwenyewe, aliyekuwa akinifukuza jikoni, alikuwa angalau akinitukana, nikajua ananipenda.

Nikajaribu kumwingiza ngamia wako ndani ya ile mashine, yule jike mwenye kiburi. Yeye hatoi maziwa mpaka mtoto wake aanze kunyonya. Kisha mkamuaji asimame kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, aimbe, na mtoto abakishiwe chuchu zake. Roboti haina goti. Haijui kuimba. Angeipiga teke moja, halafu angeitazama kwa dharau ile ile anayoniangalia nayo mimi. Nilimweleza hayo kijana muuza aisikrimu, akakunja uso, ikabidi nimwonyeshe: mguu juu, kikombe cha aisikrimu gotini, nikaanza kuimba. Watoto walipiga makofi. Naam, najua mnachosema hapo kibandani: huyu tulikuwa hatumwamini kumkamua hata mbuzi! Ni kweli. Lakini Kentucky mimi ni mtaalamu wa ngamia, na ninaomba mtu yeyote asiwapigie simu kuwaambia vingine.

Ukibakiwa na siku, nitakupeleka Mammoth Cave. Ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizopimwa zinapita kilomita 670, karibu safari nzima ya basi kutoka Wajir hadi Nairobi, na hakuna kizuizi hata kimoja cha kuulizwa kitambulisho. Ukitoka unapitishwa juu ya mikeka yenye maji ya sabuni, usije ukabeba kwenye viatu ugonjwa unaoua popo. Miaka yote hiyo nikiwasukuma mbuzi wa watu kwenye josho, hatimaye na mimi nimeogeshwa, kwa ajili ya popo.

Na huko utasikia habari za Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa, alianza kuwatembeza wageni pangoni mwaka 1838, akavuka shimo ambalo wenzake hawakuthubutu kulivuka, akachora ramani ya njia zake. Aliachwa huru 1856, akafa mwaka uliofuata. Watu walisafiri kutoka mbali wamsikilize akieleza mawe. Nilikufikiria wewe, Adeer, unayekijua kila kisima, nani alikichimba, nani alikigombania, na fahali gani alitumbukia, na hujawahi kudai hata kikombe cha chai. Hawa wametuzidi jambo moja tu: kila penye shimo wameweka mtu wa kulisimulia. Sisi wasimulizi tunao wengi, ila tunawaambia wanyamaze redio isikike.

Lugha isikutie hofu. Msikitini utakuta Wabosnia waliokimbia vita miaka ya 1990, na mtaani Wakongo tele. Kiswahili ambacho Nairobi walikuwa wakinicheka nacho, hapa kimenipatia kinyozi, fundi wa gari na marafiki wa kubishana nao.

Kwa hiyo njooni. Mkija leteni nyama ya nyirinyiri iliyokaangwa na shangazi Eedo, ifungeni vizuri, na uwanja wa ndege msibishane na ofisa, mwachieni Eedo abishane. Viza ikikataliwa, wewe nijibu kwa sauti, si kwa maandishi: mvua imefika wapi, nani kaoa, ngamia wangapi wamezaa. Na wakati wa kurekodi, mbuzi akipiga kelele karibu nawe, usimfukuze. Mwache amalize.