Nimetolewa na Mpira Usiohesabika

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi moja alfajiri, mke wangu bado amelala. Timu yao ya kriketi imepungukiwa na mtu, mpigaji wao wa mwisho kaamka na mgongo. "Huhitaji kujua chochote," akanihakikishia. "Utakuwa nambari 11, huenda zamu isikufikie." Aliyeoa kwa watu hakatai jambo dogo kama hilo.

Tena mimi ni mtoto wa Mombasa, mji uliomtoa Aasif Karim, yule ambaye mwaka 2003 kule Durban aliwatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio 7 tu, katika Kombe la Dunia la kriketi ambalo Kenya ilifika nusu fainali. Nikajidanganya kwamba mambo haya sisi tunayanywa katika maji ya kisima.

Zamu ilinifikia. Pedi za kuazima zilinipanda hadi mapajani, nikaingia uwanjani kama kuku aliyefungwa miguu. Shemeji alikuwa upande wa pili wa uwanja na gongo lake, akanijia kunipa somo zima la kriketi kwa nusu dakika: "Mwamuzi akinyoosha mikono yote miwili kama ndege, hiyo ni waidi. Mpira umepita mbali nawe, tumepewa mkimbio mmoja wa bure, na mpira wenyewe hauhesabiki katika ile sita ya ova. Utarudiwa. Wewe tulia."

Hilo neno "tulia" ndilo lililoniponza.

Mrushaji alikuwa kijana mwembamba wa mipira ya polepole, ya kuzunguka. Nilipoona mpira unakuja kwa madaha vile, nikautokea hatua tatu mbele, macho nimefumba, nikazungusha gongo kwa nguvu zote. Niliambulia upepo. Nilipofumbua macho, mwamuzi alikuwa amekunjua mikono. Waidi! Basi nikatulia, kama nilivyoagizwa. Nikaegemea gongo palepale nilipo, nikamtabasamia shemeji. Yeye hakutabasamu. Alikuwa akipiga kelele na kunionyesha nyuma.

Nyuma yangu mlinda wiketi, mzee mmoja muuza vipuri, alikuwa na shughuli zake. Mpira ulimgonga kifua ukaanguka. Akauinamia pole pole, akauokota kama aokotaye sarafu sokoni, akaangusha vile vijiti viwili vya juu ya wiketi. Mimi nilikuwa nje ya mstari wa mpigaji hatua tatu kamili.

Nikatazama. Mwamuzi wa mbele mikono kaitandaza, ananisamehe. Mwamuzi wa pembeni kidole kakiinua, ananihukumu.

"Si ni waidi?" nikauliza.

"Ni waidi."

"Basi sijatoka."

"Umetoka."

Wakati wa chai na viazi karai nilidai haki yangu. Yule mzee wa vipuri, ambaye nilianza kumshuku kuwa wakili aliyejificha, akanifafanulia kwamba waidi ni adhabu ya mrushaji, haimpi mpigaji ruhusa ya kuzurura. Mpira bado uko hai. Ukiwa nje ya mstari mlinda wiketi atakuvunjia wiketi, na huko ndiko kustampiwa. Ukikimbia ukachelewa kufika, umetoka. Ukiangukia wiketi yako mwenyewe ukipiga, umetoka. Ukiwazuia wapinzani makusudi wasiucheze mpira, umetoka pia. Yasiyowezekana ni kudakwa, au kunaswa mguu mbele ya wiketi, kwa sababu mpira ukishakugusa wewe au gongo lako, hauwi waidi tena.

Hapo nikaona mlango. "Basi niliugusa," nikasema. "Kidogo, kwa ncha."

Mzee akanihurumia kwa macho. "Ungeugusa, mwanangu, bado ulikuwa nje ya mstari, bado ningekutoa. Ila timu yako ingepoteza na ule mkimbio mmoja."

Kumbe ule mkimbio ulibaki kwetu! Nimekufa, lakini nimeacha urithi. Kwa bahati mbaya haukuandikwa kwa jina langu, uliingia kwenye ziada. Kwa jina langu daftari lilisema: mikimbio 0, mipira 0. Maana mpira wa waidi mpigaji haandikiwi kwamba ameukabili. Nimetolewa na mpira ambao kitabuni sikurushiwa. Mrushaji naye aliandikiwa wiketi, na hesabu ya mipira yake halali haikusogea hata kidogo.

Shemeji, kwa kunifariji, akanitolea mfano wa wakubwa. Mwaka 2011, Manchester, Virat Kohli alirusha mpira wake wa kwanza kabisa katika mechi za kimataifa za ova 20. Ukawa waidi. Kevin Pietersen alikuwa ameutokea, mlinda wiketi Dhoni akamvunjia wiketi. Kohli akawa na wiketi moja kabla ya kurusha mpira wowote unaohesabika. Nilifarijika kwa dakika moja hivi, mpaka nikakumbuka kwamba Pietersen alikwisha kuvuna 33 kabla ya yale kumfika.

Nyumbani mke wangu akauliza nimerushiwa mipira mingapi.

"Hata mmoja."

"Sasa umetokaje?"

Nililala bila kujibu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nimeshajua sheria. Niliukanyaga mstari kama ninaulinda usiibwe. Mpira ukaja nyuma ya miguu yangu, mbali, waidi ya wazi. Miguu haikusogea, naipa heshima yake. Ila gongo lilizunguka, likanizungusha na mimi, pedi zikanasana, na makalio yangu yakazikalia nguzo zote tatu za wiketi kwa pamoja.

Mikono ikatandazwa. Kisha kidole kikainuliwa.

Karani wa alama aliponiona natoka alirudisha kurasa nyuma, akaniuliza kama ile sifuri kwa mipira sifuri ya wiki iliyopita ilikuwa sahihi, au ndiyo hii aliiandika mapema kwa makosa. Nikamtangazia shemeji kwamba nastaafu. Akakataa katakata. Kwa mujibu wa daftari, anasema, sijacheza hata mpira mmoja, na mtu hastaafu kazi ambayo hajaianza. Jumamosi nipo.