Kufungiwa kwa Asiyejua Kulenga

Adhabu ya kufungiwa akaunti kwa udanganyifu huweza kumshukia hata anayeshika mkia. Mfano wa wiki hii ni mchezaji wa Linux aliyeua maadui 0, akafa mara 14, na bomu lake la pekee akajirushia miguuni. Katikati ya raundi skrini iliganda, tangazo likatokea: amegundulika akitumia programu ya kumsaidia kulenga. Wenzake wa timu, waliokuwa wakimtukana kwa kutojua kulenga, wakaanza kumtukana kwa kulenga kupita kiasi. Hakuna aliyeuliza msaada huo ulikuwa unalenga wapi.

Chanzo ni ukalimani. Gemu ya Windows huishi kwa kuomba: nifungulie faili hili, nichoree ukuta ule. Linux haielewi maombi hayo. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, hukaa katikati. Haiigizi kompyuta nzima; ina maktaba zake zenye majina yaleyale ya maktaba za Windows, na kila ombi linalofika hulitimiza kwa njia za Linux. Juu yake imejengwa Proton, iliyotolewa na Valve Agosti 2018, ambamo DXVK hugeuza amri za michoro za Direct3D kuwa za Vulkan papo hapo, gemu isijue kuwa imehamishwa nyumba. Ufundi huu unastahili shangwe. Unachopata ni tuhuma.

Kwani programu ya kuwanasa wadanganyifu kazi yake ni kushuku. Hupekua kumbukumbu ya kompyuta, hukagua saini za maktaba, husaka chochote kilichojipenyeza kati ya gemu na mfumo. Mdanganyifu hujificha hapo hapo, na maktaba bandia yenye jina halali. Wine nayo iko hapo hapo, na maktaba isiyo ya Windows yenye jina la Windows. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Programu nyingine za aina hiyo haziridhiki na upekuzi wa sebuleni. Vanguard, iliyokuja na Valorant mwaka 2020, huingia kwenye kiini cha Windows tangu kompyuta inapowaka, gemu ikiwa bado imefungwa: mlinzi wa geti aliyeomba kitanda chumbani kwa mwenye nyumba. Wine haina kiini hicho cha kumlaza. League of Legends, iliyochezeka kwenye Linux kwa miaka, ilikatika huko mwaka 2024 Vanguard ilipofanywa lazima.

Programu nyingine za ulinzi, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zilikubali Proton tangu 2021, ila ruhusa ni ya kampuni ya gemu. Apex Legends ilifungua mlango 2022, ikaufunga Oktoba 2024 kwa hoja kwamba wadanganyifu wanapitia Linux. Hoja ina ukweli, maana kwenye Linux mwenye kompyuta huweza kubadili hata kiini chenyewe. Lakini wadanganyifu wa Windows wamejaa tele, na hakuna aliyependekeza Windows ifungiwe.

Rufaa husomwa na mashine, kama husomwa. Mchezaji yule aliandika aya sita, akaambatisha picha ya matokeo yake kama ushahidi. Jibu lilifika baada ya dakika mbili: uchunguzi wa kina umefanyika, uamuzi ni wa mwisho. Pesa hairudi. Mteja aliyelipa ameitwa mwizi, na hajaonyeshwa alichoiba.

Kuweka Windows 11 pembeni ya Linux husaidia, kama kompyuta ina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yake haina.