Pipa la Kabichi Lilipovuja Kabla ya Krismasi

Mama mkwe wangu hutia kabichi kwenye pipa mwezi wa Oktoba, na kuanzia hapo roshani ya nyumba yetu mjini Iași huwa mali ya pipa hilo. Kabichi hupangwa nzimanzima, zimetobolewa vikonyo na kujazwa chumvi, pamoja na hrean, mzizi mkali unaochoma puani, na punje kadhaa za mahindi. Kisha humiminwa maji ya chumvi hadi yazifunike. Bakteria walioko kwenye majani yenyewe hula sukari ya kabichi na kuifanya asidi. Chumvi huwazuia wale wanaoozesha. Baba mkwe naye hufungua bomba la chini, huyakinga maji na kuyarudisha juu, maana yakituama huwa na utelezi.

Sasa mtaelewa kilio cha asubuhi ya Desemba 20, siku ya Mtakatifu Ignatie, ambayo vijijini Romania huchinjwa nguruwe wa Krismasi. Mjomba alikuwa njiani kutoka kijijini na nyama. Jirani wa ghorofa ya chini akagonga mlango kwa ngumi. Baridi ya usiku ilikuwa imepasua bomba la pipa, maji yote yakateremkia kwenye roshani yake, juu ya mashuka aliyoyaanika. Yalikuwa yameganda kama mbao, na yananuka uchachu.

Mama mkwe hakuyatazama mashuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Kabichi za juu zilikuwa zimeanza kushika barafu, na jani lililoganda huchanika ukilikunja. Mume wangu akashauri tununue kabichi mbichi, tuzichemshe kwa siki.

“Hizo, mwanangu, wapikie wageni wa Julai,” akajibiwa.

Mimi niko upande wa mama mkwe. Sarmale, chakula cha Krismasi tulichokiwekea kabichi hizo, ni nyama ya nguruwe ya kusaga, mchele na vitunguu, vikafungwa ndani ya jani chachu, vikapangwa chunguni pamoja na vipande vya nyama iliyokaushwa kwa moshi, vikaiva kwa moto mdogo saa nyingi. Asidi ndiyo inayolishika jani lisivurugike muda wote huo, na ndiyo inayokata mafuta. Siki huuma ulimi, basi. Tena Waorthodoksi wanaofunga hawajagusa nyama, maziwa wala mayai tangu Novemba 15. Watu waliosubiri hivyo hawastahili chakula cha kubahatisha.

Kabichi zilihamishiwa kwenye ndoo jikoni. Maji mapya ya chumvi yangezilinda, ila yasingekuwa na ule uchachu wa wiki nyingi. Baba mkwe akapanda na kushuka ngazi, mlango kwa mlango, akiomba. Karibu kila nyumba ina pipa lake. Mmoja akatoa chupa, mwingine nusu sufuria, wakati nyama ya mjomba ikisubiri mezani. Wa mwisho kuja alikuwa yule jirani wa chini: jagi la maji ya kabichi mkono mmoja, furushi la mashuka mkono wa pili. Mashuka nikayafua mimi.

Ila yeye huchachusha kabichi zake pamoja na bitiruti, na ndoo yetu nzima ikageuka ya waridi. Mama mkwe aliketi. Baadaye akaanza kukunja, kimya, vidole vikienda mbio, na baada ya usiku mzima jikoni sosi ya nyanya ilikuwa imeimeza rangi yote.

Siku ya Krismasi tulikula sarmale kwa mămăligă, ugali wa Waromania wa mahindi ya njano, na malai machachu. Jirani akapelekewa sahani ya kwanza. Alisema viungo vimepungua. Mama mkwe alilijibu hilo Januari 6, sikukuu ya Bobotează, jirani alipomletea piftie, mchuzi wa makongoro ulioganda: alionja kijiko kimoja, akasema kitunguu saumu hakitoshi, kisha akalimaliza bakuli zima.