Kitunguu Saumu Kilipohamia Nyumbani

Mama mkwe hakuja Dar es Salaam mikono mitupu. Alishuka kwenye basi la Lushoto na kikapu cha mapea, maboga mawili na furushi la vitunguu saumu vilivyosukwa kwa majani yake makavu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiuliza ndoo ziko wapi.

"Hivyo mnavyonunua sokoni, vikubwa vyeupe vya China, vina sura tu," akasema. "Hivi ndivyo vyenyewe. Nitawapandia hapahapa barazani, mwanangu, msinunue tena."

Nani ashindane na mama mkwe siku ya kwanza? Ndoo kuukuu za rangi zikatobolewa chini, zikajazwa udongo na samadi iliyooza. Akavunja vitunguu punje kwa punje bila kuzimenya, nene akazitenga za mbegu, nyembamba zikaenda jikoni. Kila punje aliizika ncha juu na kitako chini, ikafunikwa na udongo wa sentimita kama 4, na kati ya punje na punje akaacha upana wa kiganja. Kitinda mimba wetu alipewa ndoo yake, akazipanda zote kichwa chini. Bibi yake akamwambia zitaota, ila zitatoka na shingo zimepinda. Zikatoka hivyohivyo, na mtoto akajisifu kwamba zake ni za aina nyingine.

Majani yalikuja kwa kishindo. Majirani wakaja kutazama, na mama mkwe akaanza kugawa ahadi: huyu kilo, yule nusu. Miezi ikapita, majani yakabaki kuwa majani. Siku alipong'oa shina moja alikuta chini kijishingo cheupe tu, bila kitunguu. Akatangaza kwamba udongo wetu umerogwa.

Ilibidi aitwe mzee wa mtaani, bwana shamba mstaafu. Akasema hakuna mchawi hapo, mchawi ni joto. Zao hili asili yake ni Asia ya Kati, na baridi ndiyo inayoliamsha kutunga kitunguu na kukigawa punje. Ndiyo maana kwetu linastawi Mbulu, Lushoto na nyanda za juu za Iringa. Dar es Salaam, ambako hata Julai wengine tunalala na feni, litatoa majani hadi lichoke. Labda mbegu ziwekwe kwenye friji wiki kadhaa kabla ya kupandwa. Hata hivyo, akaonya, hiyo si ahadi, kwa sababu urefu wa mchana nao una neno lake, na kila aina ya mbegu imezoea kwao.

Mama mkwe alisikia neno moja tu: friji. Bakuli la punje likaingia, wazi, likakaa kati ya siagi na jagi la maziwa. Siagi ikaanza kunuka, barafu ikafuata. Wiki hiyohiyo wakaja wageni wa kumposa binti wa shemeji yangu. Chai ya maziwa ikamiminwa kabla sijaionja. Mzee wa msafara akapiga funda, akatua, akauliza hiki ni kiungo gani.

"Cha Lushoto," akajibu mama mkwe bila kupepesa.

Mzee akaomba kikombe cha pili. Posa ikakubaliwa, na bakuli likapata kinga ya kudumu.

Baba watoto naye hakubaki nyuma. Ana presha, akasikia kwamba saumu inashusha, akaanza kutafuna punje mbichi kila asubuhi. Usiku alinisomea kwenye simu kwamba Chester Cavallito na John Hays Bailey, wanasayansi wa Marekani, ndio walioitenga alisini, kemikali inayoipa saumu harufu yake, mwaka 1944. Punje nzima hainuki sana, akanieleza, kwa sababu alisini haipo bado. Malighafi yake na kimeng'enya cha kuitengeneza vimekaa vyumba tofauti, hukutana pale punje inapopondwa.

Elimu ilikuwa nzuri, tatizo lilikuwa pumzi. Kwenye daladala watu walifungua madirisha. Msikitini mzee mmoja akamkumbusha kwa upole adabu inayojulikana, kwamba aliyekula saumu mbichi asiwaudhi wenzake katika safu. Akapiga mswaki mara mbili, wapi! Sehemu ya harufu ile huingia kwenye damu na kutokea mapafuni, mswaki hauifikii. Alipokwenda kung'oa jino, daktari akamuuliza anatumia nini. Kusikia saumu mbichi kila siku, pamoja na vidonge vya aspirini, akaahirisha miadi, maana vyote viwili huifanya damu ichelewe kuganda. Akamwambia pia kwamba saumu ikishusha presha hushusha kidogo tu, vidonge vya presha asiviache.

Aliyelipa gharama kubwa ni shemeji. Goti lilimuuma, akaponda saumu, akaibandika, akafunga kitambaa, akalala. Asubuhi goti lilikuwa limevimba malengelenge kama aliyemwagiwa maji ya moto. Zahanati walimtibu kama mtu aliyeungua, kwa sababu ndivyo ilivyo: saumu mbichi ikikaa saa nyingi kwenye ngozi huichoma. Mama mkwe alimtazama bila huruma. "Nilisema ni ya mchuzi. Nani alisema ni ya goti?"

Na kwa mchuzi hana mpinzani. Huponda saumu kwanza kwenye kinu, kisha ndiyo anamenya vitunguu maji na nyanya. Baba watoto akatikisa kichwa kwa heshima: mama yake hakusoma habari za alisini, ila dakika kumi za kusubiri ndizo zinazoiacha itengenezeke kabla moto haujakiua kimeng'enya.

Punje za friji zilipandwa. Majani yalipoanza kugeuka manjano tukaacha kumwagilia, tukang'oa, tukavitundika kivulini penye upepo. Vitunguu vilipatikana kweli, vidogo, vingine duara la punje moja. Waliokuwa wameahidiwa kilo walipata kimoja kimoja, na mama mkwe akawaambia kwamba kidogo cha kwao kinatosha sufuria.

Hukumu ya nyumba yetu ni hii. Ukikaa pwani, panda saumu kwa ajili ya majani, yakate ukaangie mayai au samaki, hutajuta. Kitunguu chenyewe waachie wa Mbulu na Lushoto, ukanunue kwao. Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla ya kuanza kutafuna mbichi. Usiibandike kwenye goti. Na mbegu zikiingia kwenye friji, ziingie ndani ya kopo lenye mfuniko.