Silsila ya Manowari

Wauza taswira wa Ulaya, wanaponadi sura ya walii mwanamke iliyochorwa karne ya 17, huiambatisha silsila ya wamiliki wake, tangu askofu hadi kabaila, tangu kabaila hadi tajiri wa Marekani, ili mnunuzi apate kutulia roho. Basi nasi wa delta ya Rufiji, ambayo siku hizi imo wilayani Kibiti, tusidhaniwe hatuna amana yenye nasaba. Yetu ni Königsberg ya Wadachi, ile iliyoitwa manowari na bomba tatu, ambayo, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikoko yetu bila hata kubisha hodi, hadi Julai 1915 ilipoangamizwa.

Mizinga yake 10 iliopolewa na kukokotwa na wapagazi kwenda kupigana barani. Leo mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, kama wake wenza waliopatanishwa na uzee. Mzoga wenyewe uliuzwa mwaka 1924 kwa paundi 200, na mnunuzi, subhanallah, alikuwa nahodha yule yule wa Pegasus, aliyeona heri kumrithi adui kwa stakabadhi.

Katika hati zote hizo wapagazi hawamo, wala mto, ambao mwaka 1966 ulilimeza gamba lililobaki pasi na kutia sahihi.